Bibi Leonia Anapumzika

Winfrida aliamka kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika. Akafagia ua, akachota maji bombani, akawasha jiko la mkaa na kubandika uji wa mahindi. Ulipoiva aliumimina kwenye kikombe cha bati, akautia sukari, akampelekea bibi yake chumbani. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, macho ameyaelekeza ukutani ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Shikamoo, Bibi!" aliita kwa sauti ya juu, maana masikio ya Bibi Leonia yalikuwa mazito.

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Nipo."

Jibu lilikuwa hilo hilo kila siku. Zamani ukitaka kumjulia hali Bibi Leonia ulipaswa kutafuta pa kukaa kwanza. Angekusimulia habari za goti lake, za ndoto aliyoota, za bei ya dagaa na za mbuzi wa jirani aliyetafuna kanga ya watu, ndipo mwishoni akuambie kwamba ni mzima wa afya. Siku hizi alisema "nipo", akanyamaza.

"Wali na maharage nimeweka kwenye hotipoti," Winfrida alisema. "Usitoke nje, Bibi. Usiguse kazi yoyote. Pumzika."

"Napumzika, mjukuu wangu."

Winfrida akarudishia mlango, akabeba mkoba wake wa shule, akapanda kilima peke yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Katika nyumba ile ya Kibirizi, karibu na reli, waliishi wawili tu. Mama yake, Merina, alikuwa mpishi katika hoteli moja huko Tabora. Alipiga simu kila Jumapili, na Krismasi alikuja kwa treni.

Si kwamba Bibi Leonia alikuwa mtu wa kukaa ndani tangu zamani. Thubutu! Alikuwa mwanika dagaa, na wanika dagaa hawajui kukaa ndani. Asubuhi mitumbwi ilipofika mwaloni, ufukweni mwa ziwa, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupanga foleni na mabeseni yao. Alinunua dagaa wabichi, akawatandaza juani, akawageuza, akawafukuza kunguru kwa matusi ambayo Winfrida alikatazwa kuyarudia. Kando yake hakukosekana Bi Shadia, shoga yake wa miaka mingi, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani sana. Hao wawili walibishana tangu asubuhi hadi dagaa wakauke, na ole wake aliyejaribu kuwapatanisha.

Kisha siku moja Bibi Leonia aliteleza kizingitini kwake. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala kugongwa na pikipiki. Aliteleza tu, akajizuia kwa mkono, na mkono ukavunjika kama kijiti. Hospitali walipompiga picha na kumpima zaidi, waliona kwamba tatizo halikuwa la mkono peke yake. Mifupa yake ilikuwa imepungua ndani kwa ndani, kama ubao ulioliwa na mchwa: kwa nje mzima, kwa ndani matundu matundu. Huwapata wazee wengi, hasa wanawake. Mkono ulitiwa plasta, na baada ya hapo Bibi akaanzishiwa vidonge vya kuimarisha mifupa.

Vidonge hivyo vilikuwa na masharti yake. Alimeza kimoja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, kabla ya kutia chochote tumboni, kwa glasi nzima ya maji. Akishameza hakuruhusiwa kula wala kulala kwa nusu saa, kwa sababu dawa ile ingeweza kumuunguza koo. Ili asije akasinzia, Winfrida alimshika mkono wakatembea hadi mwaloni na kurudi. Miaka ikapita hivyo. Winfrida alikuwa mdogo wa kubeba kandambili mkononi walipoanza, akakua hadi akamfikia Bibi begani. Ile nusu saa ilikuwa yao. Humo ndimo alimojua habari zote za ukoo wao wa kijiji cha Mwamgongo, za kweli na za kutiwa chumvi.

Masika yaliyopita, ilifika siku ya Bibi kwenda kuonana na daktari. Kwa sababu ya masikio yake, hakwenda peke yake. "Wewe ndiwe masikio yangu," alimwambia Winfrida, na Winfrida alizoea kukaa kati yake na daktari, akisikiliza Kiswahili cha haraka cha daktari na kumrudishia Bibi kwa Kiha, lugha yao ya nyumbani, polepole, sikioni.

Siku hiyo, hata hivyo, masikio hayo yalikuwa mbali. Mchana ule shule ilikuwa inachagua timu ya netiboli, na Winfrida alitaka sana kuvaa namba. Walikaa kwenye benchi la hospitali hadi jua likawa juu. Walipoingia, Dokta Nehemia alianza kueleza mambo mengi, naye Winfrida alitikisa kichwa huku akiwaza mpira umeshaanza au bado. Aliona midomo ya daktari ikienda. Neno moja tu lilimwingia: kupumzika.

"Umeelewa, binti?" daktari aliuliza.

"Ndiyo, dokta," Winfrida alijibu, na tayari alikuwa amesimama.

Kwenye ngazi za hospitali Bibi alimvuta mkono. "Amesemaje?"

"Dawa basi. Hutameza tena." Kisha, kwa Kiha, akamalizia: "Ngo uruhuke." Maana yake, amesema upumzike.

Bibi Leonia alisimama pale pale kwenye ngazi. "Niruhuke?"

"Eeh, Bibi. Upumzike. Twende, nitachelewa."

Bibi hakuuliza tena. Alijifunga upya kanga yake kichwani, akashuka ngazi moja moja bila kumshika mtu mkono. Njia nzima hadi Kibirizi hakusema neno, na Winfrida, ambaye mawazo yake yalikuwa uwanjani, hakuona ajabu yoyote.

Jumapili mama alipopiga simu, Winfrida alimpa habari ile ile. "Dokta kasema dawa zimeisha, sasa Bibi apumzike."

"Basi asiguse kazi," Merina alisema kutoka Tabora. "Mimi niko mbali, mwanangu. Nakutegemea wewe."

Kutegemewa ni jambo zito kwa mtoto, na Winfrida alimpenda bibi yake. Alilishika neno lile kama askari wa zamu. Bibi alipochukua ufagio, alimnyang'anya. Bibi alipojikongoja kwenda uani, alimletea kiti na kumkalisha ndani, "usije ukateleza". Wanawake wa mwaloni walipokuja kumwita, aliwasimamisha mlangoni.

"Bibi anapumzika. Daktari kasema."

Walikuja mara ya pili, wakaja mara ya tatu, na wakasimamishwa. Hakuna mtu mzima anayependa kuzuiwa mlangoni na mtoto. Wakaacha kuja.

Netiboli yenyewe Winfrida aliipata, akavaa namba kwa muda mfupi, kisha akaiacha. Angecheza saa ngapi? Maji yalimngoja, na vyombo, na nguo, na chakula cha jioni. Happiness, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, alimwalika mara nyingi kwenda kuogelea ziwani baada ya masomo. Alipochoka kujibiwa "siwezi" alipata rafiki mwingine, na Winfrida hakumlaumu, ingawa iliuma.

Masika yakaisha, kiangazi kikaingia. Dirisha la chumba cha Bibi lilitazama upande wa reli, si upande wa ziwa, kwa hiyo hata maji hakuyaona. Jioni, upepo ulipogeuka, sauti za mwaloni zilifika hadi jikoni: vicheko, watoto wakiitwa, Bi Shadia akimkaripia kunguru peke yake. Winfrida alikoroga ugali akisikiliza. Alikuwa mpweke, na hakuwa na wa kumwambia. Wakati mwingine aliiambia sufuria habari za shule, kwa sauti ndogo, kisha akajionea haya. Walikula wawili wakitazamana, nao wawili kila mmoja alikuwa peke yake. Dagaa hawakuonekana tena mezani, kwa sababu aliyekuwa akiwaleta alikuwa anapumzika.

Asubuhi moja ya Jumamosi, akiwa uani anafua, alisikia kishindo. Alikimbia ndani na mikono yake yenye povu. Bibi Leonia alikuwa ameangukia gunia la mkaa kando ya mlango, mkono mmoja umeshikilia fremu, miguu inamtetemeka.

"Bibi! Umevunjika?"

"Hapana. Nilitaka kwenda chooni tu. Miguu imenikataa."

Winfrida alimshika kwapani kumwinua, na hapo akashtuka. Bibi alikuwa mwepesi. Mapaja yale yaliyowahi kupanda mlima wa Mwamgongo na mzigo wa mihogo kichwani yalikuwa yamebaki ngozi. Kama si lile gunia, angefikia sakafuni, na sakafu ya saruji haina huruma na nyonga ya mzee.

"Usihangaike, mjukuu wangu," Bibi alisema, akijipangusa vumbi la mkaa. "Ndiyo kupumzika kwenyewe huku."

Alilisema kwa upole, na Winfrida aliogopa bila kujua anaogopa nini.

Saa chache baadaye Bi Shadia alikuja. Hakupiga hodi ya kawaida, alipiga hodi ya ugomvi. Winfrida alipofungua alimkuta amesimama na kitenge kipya kabisa, kimekunjwa, amekishika kama mtu aliyekuja na kesi.

"Shikamoo, Bi Shadia. Bibi ana…"

"Marahaba. Najua, anapumzika. Leo sikuja kwa bibi yako, nimekuja kwako." Alimvuta nje, mbali na mlango. "Kitenge hiki alinitumia jana kwa mtoto wa jirani. Ni kile alichoshonewa Pasaka, hajakivaa hata mara moja. Juzi amempa Agnesi wa mwaloni beseni lake. Wiki iliyopita, wavu wake wa kuanikia. Weye mtoto, bibi yako anagawa vitu kama mtu anayeaga. Daktari alisema nini hasa?"

"Alisema dawa basi. Apumzike."

"Ulimwambia hivyo hivyo?"

"Nilimwambia kwa Kiha. Aruhuke."

Bi Shadia alikaa kwenye jiwe la kufulia, kitenge mapajani. Hasira ilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Mtu akifa huwa tunasemaje?" aliuliza.

Winfrida alikumbuka misiba yote aliyowahi kuhudhuria. Amepumzika. Mzee wetu amepumzika. Hata kwa Kiha walisema hivyo hivyo.

"Mzee anaachishwa dawa," Bi Shadia alisema, "anaambiwa nenda nyumbani ukapumzike. Unafikiri alisikia nini? Alisikia kwamba madaktari wamemaliza kazi yao. Miezi yote hii amekaa mle ndani akingoja kufa, na nyie mmemfungia mlango." Akamtazama vizuri. "Lakini je, ndivyo alivyosema daktari? Ulisikia kwa masikio yako?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli, na Winfrida hakusema. "Nilisikia," alijibu. Bi Shadia alimwachia kitenge mikononi, akaenda zake bila kuaga.

Siku ile na ya pili yake alizipitisha kwa taabu. Mama alipopiga simu, Winfrida alimwambia "salama", akaaga upesi. Usingizi aliupata kwa shida. Kila alipomtazama Bibi ukingoni mwa kitanda aliona mtu anayengoja, na aliyemweka pale kwenye foleni alikuwa yeye.

Jumatatu masomo yalipokwisha hakurudi nyumbani. Alikwenda hospitali kwa miguu, na sare yake ya shule, akaketi mwisho wa benchi. Wagonjwa waliingia na kutoka. Alitamani zamu yake isifike. Ilipofika, Dokta Nehemia aliinua macho na kutazama nyuma yake, akitafuta mtu mzima.

"Umekuja na nani, binti?"

"Peke yangu. Mimi ni mjukuu wa Bibi Leonia wa Kibirizi, yule wa vidonge vya mifupa." Winfrida alishika ukingo wa meza. "Dokta, siku ile uliniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Sikuelewa. Hata kusikiliza sikuwa nasikiliza, nilitaka kuwahi mpira."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ulisikia nini?"

"Kupumzika. Nikamwambia apumzike. Hafagii, haaniki dagaa, hatoki nje. Tangu masika. Juzi miguu ilimshinda akaanguka." Machozi yalimtoka, akayaacha. "Na yeye anadhani ulimwambia akafe."

Dokta Nehemia alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Binti," alisema, "mimi nilisema dawa ipumzike. Sikusema bibi apumzike."

Kisha akaanza upya kueleza, polepole, na safari hii hakuna neno lililompita Winfrida. Vidonge vya aina ile, mtu akivimeza kwa miaka kadhaa na hali yake ikawa nzuri, daktari anaweza kuvisimamisha kwa muda, kwa sababu dawa huwa imejihifadhi ndani ya mfupa na huendelea kumlinda. Si kila dawa ya mifupa iko hivyo. Zipo ambazo ukizikatisha mfupa huporomoka haraka, ndiyo maana mtu haachi dawa kwa kujiamulia. Bibi Leonia alikuwa amefanya vizuri. Mapumziko ya dawa yalikuwa zawadi yake.

"Lakini mfupa ni kitu hai," daktari alisema. "Ukisimama juu yake, ukitembea, ukibeba kitu chepesi, mfupa unaambiwa kwamba bado unahitajika, nao unajikaza. Ukiulaza kitandani kutwa, unaona hauna kazi, unajilegeza. Misuli nayo inakwisha, na mtu asiye na misuli huanguka. Dagaa wa kuliwa pamoja na mifupa yao, maziwa, mboga za majani, maharage, jua la asubuhi: hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimweleza. Kwani alikuwa akifanya kazi gani zamani?"

"Kuanika dagaa mwaloni."

Daktari alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi alikuwa kwenye matibabu tangu zamani. Mlete kesho, nimpime nyonga." Winfrida alipofika mlangoni alimwita tena. "Na mimi nina kosa langu. Nilikuuliza kama umeelewa, ukasema ndiyo, nikaridhika. Nilipaswa kukuambia unirudishie maneno yangu."

Jua lilikuwa linakaribia milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, Winfrida alipoingia chumbani kwa Bibi. Hakuwasha jiko wala kuvua viatu. Alipiga magoti mbele ya kitanda, akapeleka mdomo kwenye sikio lililokuwa na nafuu, akasema yote: mpira, ule "ndiyo", neno moja alilolibeba akaacha mengine yote hospitali. "Hakusema ufe, Bibi. Alisema dawa ndiyo ipumzike. Wewe alitaka utembee. Mimi ndiye niliyekosea."

Bibi Leonia aliendelea kutazama ukuta, Winfrida akadhani hakusikia, akataka kurudia.

"Nimesikia," Bibi alisema. "Toka kidogo nje. Niache."

Winfrida alikaa uani, kichwa juu ya magoti. Kwa ndani alisikia kilio, kilio cha mtu mzima aliyekizuia muda mrefu, na hakuthubutu kuingia. Ilikuwa saa mbaya kuliko zote alizowahi kupitia katika nyumba ile. Kilipokoma, aliitwa.

"Kila nilipolala," Bibi alisema, "nilikuwa naaga. Nilikuwa nawaaga watu wote, mmoja mmoja, humu kichwani. Wewe nilikuacha wa mwisho, sikuweza kukuaga."

"Kwa nini hukuniuliza, Bibi?"

"Ningeuliza nini? Nilidhani unajua, na kwamba unanificha kwa kunihurumia. Niliogopa nikikuuliza utalia." Alimshika kichwa kwa mkono wake mwembamba. "Nina hasira na wewe, Wini. Itakwisha, lakini leo ninayo. Nipe hiyo fimbo ya ufagio niegemee. Nataka kuona ziwa."

Hawakufika ziwani jioni ile. Walifika mlangoni, wakasimama, Bibi akihema. Kesho yake walikwenda hospitali kwa bajaji. Nyonga ilikuwa salama, ila miguu ilikuwa imepoteza nguvu nyingi, na daktari alisema wazi kwamba nguvu nyingine huenda zisirudi. Alimpa Bibi mazoezi ya kusimama na kukaa kwenye kiti imara, akamkataza kubeba ndoo na kuinama ghafla, akamwamuru aachane na kandambili zinazoteleza avae viatu vyenye soli isiyoteleza. Alitaka arudi kupimwa kila baada ya muda, kwa sababu mapumziko ya dawa hayana maana ya kusahau hospitali. Safari hii alimwambia Winfrida amrudishie kila kitu, naye akarudisha, huku Bibi akisikiliza kwa Kiha na kutia neno.

Jumapili Winfrida alimweleza mama yake pia. Merina akasema atakuja kabla ya Krismasi, na kwamba watazungumza wakiwa wanatazamana. Winfrida aliingoja siku hiyo kwa hofu na hamu pamoja.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Walitembea hadi kwa jirani, wakapumzika, wakarudi. Bibi alinung'unika kwamba miguu si yake, amebadilishiwa hospitali. Winfrida alianza kusikia nung'uniko hilo kama muziki, kwa maana mtu anayenung'unika bado yupo. Siku walipofika kwenye reli walimkuta Bi Shadia anawangoja, mikono kiunoni.

"Leonia! Kumbe hujafa."

"Nilitaka kufa, nikakumbuka hujanilipa chumvi yangu."

"Chumvi gani?"

Wakaanza kubishana pale pale, na Bi Shadia alikuwa akibishana huku analia.

Kutandaza dagaa mchangani Bibi hakuweza tena, kwa vile kazi hiyo ni ya kuinama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wanawake wa mwaloni walikaa, wakashauriana, wakamjengea chanja refu linalomfika kiunoni, la miti na wavu mkuukuu, ili ageuze dagaa amesimama wima. Agnesi alirudisha beseni bila kuulizwa. Asubuhi Bibi alisimama hapo juani na fimbo yake, akigeuza dagaa kwa mkono mmoja, na kunguru walipata tena habari zao. Nyumbani dagaa walirudi mezani, wazima wazima, na mawese na sombe, kisamvu cha kutwanga.

Jioni moja Winfrida alitoka shuleni akapitia mwaloni. Bi Shadia alikuwa anakusanya dagaa, Bibi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimwita mjukuu wake akae karibu.

"Ile hasira imekwisha," alisema. "Sasa nikuambie, na Bi Shadia awe shahidi. Wewe hukunidanganya kwa ubaya. Ulitamka neno fupi kuliko yote, 'ndiyo', ili uwahi mchezo. Lakini mtu akikupa neno ulifikishe kwa mwingine, hiyo ni amana. Kama hukulisikia, sema sikusikia. Kama hukulielewa, uliza, hata daktari akikunja uso. Aibu ya kuuliza inakwisha ukishajibiwa. Ukijifanya umeelewa, gharama anaweza kuilipa mwingine kwa mwili wake."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimeshakusamehe. Na mimi nilikosa, maana niliogopa kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na humo ndani tulikuwa wawili."

"Na mie wa tatu," Bi Shadia aliingilia. "Nilisimamishwa mlangoni na katoto, nikanuna, nikaenda zangu. Mzee hafungiwi ndani kwa kupendwa. Anapendwa kwa kuachiwa kazi anayoiweza na watu wa kugombana nao. Mifupa itakaza ikijua ina pa kwenda."

Winfrida alitazama miguu ya Bibi ndani ya viatu vyake vipya vya kufunga. Ilikuwa bado myembamba. Ile miezi ya dirisha la reli hakuna ambaye angewarudishia, na alijua kwamba ataikumbuka hata akiwa mtu mzima.

"Haya," Bibi alisema, akimwegemezea sikio. "Shule leo kulikuwa na nini? Umekuwa bubu siku hizi, sisikii habari."

Mdomo wa Winfrida ulikuwa umezoea kuzungumza na sufuria. Akaanza kidogo kidogo, habari za mtihani wa hisabati na za Happiness aliyemrudia akamwambia timu inahitaji mlinzi. Bibi akasema hasikii, apaze sauti. Akapaza. Bibi akasema bado. Akapaza zaidi, hadi wanawake wa chanja la tatu wakasikia kwamba hisabati amepata alama za chini, na mmoja akapiga kelele kutoka kule kumuuliza alikuwa anafanya nini badala ya kusoma.